Mama Kufuli na Tarakimu ya Tisa

Ndugu, jamaa, majirani na wateja mliofunga kazi zenu kuja kumsindikiza mama yetu: poleni, na asanteni. Familia inatanguliza ombi moja. Wasifu huu una hesabu ndani yake. Si nyingi, lakini zipo, na hatukuona namna ya kuzikwepa, kwa sababu kumweleza marehemu bila ile namba yake ni kumweleza mtu mwingine. Atakayechoka avumilie kidogo, tutafika kwenye ndoa. Wasifu umeandikwa na binti yake wa pekee, ndiye anayeusoma, na popote atakapojitaja humu atajitaja kama mtu wa pembeni, ili sauti isimkatike katikati.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1952, asubuhi ya siku ya kazi, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi kufuli na mchonga funguo, kwenye kona ambapo barabara ya soko inakutana na uchochoro wa mafundi cherehani. Babu yetu huyo alipenda kusimulia kwamba mbele kulikuwa na mteja aliyejifungia nje ya nyumba yake, anahimiza, "Fundi, haraka basi!" na nyuma mkunga naye anahimiza vilevile, yeye kasimama katikati na tupa mkononi hajui pa kukimbilia. Mtoto akatoka kabla ya ufunguo. Huyo ndiye kifungua mimba. Mdogo wake wa kiume alizaliwa tarehe 2 Septemba 1955, na bibi akatangaza kwamba biashara hiyo imefungwa. Mtoto akaitwa Kitinda, na Kitinda amebaki mpaka leo, na mvi zake zote. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Ukimtafuta mmoja, ulizia alipo mwenzake.

Mwaka 1963 duka lilipata simu, ya kwanza katika mtaa mzima. Babu hakuweza kuificha furaha yake. Alikata tarakimu nane kwenye bati, kila moja urefu wa kiganja, akazipigilia misumari kwenye ubao juu ya mlango: 73939133. Ilikuwa kazi safi, ila mfereji wa paa ulikuwa ukivuja upande wa kulia, na babu, aliyekarabati vitu vya watu wote, hakuwahi kuuziba mfereji wake mwenyewe. Mganga hajigangi. Msumari wa kwanza kuoza ukawa wa kulia kabisa, na msimu mmoja wa mvua ile tatu ya mwisho ikaanguka, ikamkosa mteja chupuchupu.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969. Huko sekondari alifundishwa hesabu na mwalimu waliyemwita Mwalimu Sawasawa, kwa kuwa hakuna sentensi aliyoimaliza bila kuuliza, "Sawasawa?" Siku moja mwaka 1967 aliwafundisha namba tasa, yaani namba isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Sita si tasa, mbili inaingia na tatu inaingia. Saba ni tasa, hakiingii kitu. "Kila mtu aniletee namba kubwa kutoka kwao," akasema mwalimu, "aniambie kama ni tasa au si tasa. Sawasawa?" Wenzake walileta namba za nyumba na za baiskeli. Marehemu aliangalia juu ya mlango wa duka akachukua alichokiona: 7393913.

Wenzake walimaliza jioni ileile. Yeye ilimchukua majuma. Mwalimu alimwazima jedwali la namba tasa, akamwambia agawanye kwa moja baada ya nyingine mpaka afike mbali, na kama hakuna itakayoingia bila kuacha baki, basi namba yake ni tasa. Kazi ikafanyika dukani, baina ya mteja na mteja. Kitinda, mwenye miaka kumi na miwili, alikaa juu ya meza anasoma jedwali. Dada yake aligawanya kwa chaki kwenye vifuniko vya makasha ya kufuli.

"Kumi na tatu, inaingia?"

"Haiingii."

"Kumi na saba, inaingia?"

"Haiingii. Soma polepole, hunikimbizi."

Mchezo ukawanasa na wateja. Mpagazi mmoja alikuja kuchukua ufunguo wa sanduku lake, akakaa mpaka duka likafungwa, anataka kujua kama mia nne na moja itaingia. Haikuingia. Akaondoka amekasirika kana kwamba ameibiwa.

Ilipothibitika kwamba namba ni tasa, watoto walikwenda kwa baba yao kwa shangwe. Babu aliinua macho kutoka kwenye kufuli. "Nimeipata simu kwa jasho langu, ninyi mnaniambia ni tasa? Nani atapiga?"

"Baba, maana yake haivunjiki."

"Ahaa. Hapo sawa. Lakini hiyo mliyofanya si namba yetu. Imeanguka tatu, hamkuona?"

Loo! Walikuwa wamefanya kazi ya majuma juu ya namba iliyopungua. Mtu mwingine angelia. Wao walirudi mezani, wakaanza upya na namba kamili, 73939133, ambayo inadai kugawanywa kwa zaidi ya namba elfu moja kabla hujaiamini. Likizo yote ikaishia hapo. Nayo ikawa tasa. Wakatazamana. Msimu uliofuata mfereji ukaangusha tatu ya pili, ubao ukabaki na 739391, na Kitinda akasema, kwa utani tu, "Labda na hii." Wakaipima. Tasa!

Tunaomba kila mwenye programu ya mazishi mkononi aifanye hii mwenyewe, kwa sababu marehemu alipenda watu waione kwa macho yao. Iandike namba yote. Weka kidole juu ya tarakimu ya mwisho kulia, inayobaki ni tasa. Sogeza kidole ufunike mbili, bado tasa. Funika tatu, nne, tano: 73939 ni tasa, 7393 ni tasa, 739 ni tasa, 73 ni tasa, na mwisho inabaki saba peke yake, ambayo Mwalimu Sawasawa alikuwa ameshaisema. Kitinda akataka kujua kama inawezekana na kushoto. Wakafunika saba ya mwanzo, ikabaki 3939133, na kumi na moja ikaingia papo hapo, haikuacha hata chembe. Kwa hiyo siri ilikuwa upande mmoja tu, upande wa mfereji unaovuja. Mwalimu Sawasawa aliletewa habari hiyo, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama iko sawasawa. Alisema, "Nami sikuijua. Endeleeni."

Basi wakaendelea, kwa kugeuza swali. Kama kupunguza hakuiharibu, je, kuongeza? Ipo tarakimu ya tisa ya kuweka mwishoni, ikabaki tasa? Sifuri, mbili, nne, sita na nane hazifai, mbili itaingia. Tano haifai, tano yenyewe itaingia. Ukiweka moja au saba, tatu inaingia. Jumlisha tarakimu zake utaona. Ukiweka tatu, walihangaika siku kadhaa, kisha Kitinda akasoma mia moja ishirini na saba, dada yake akagawanya mpaka mwisho wa kifuniko, baki hakuna. Ikabaki tisa. 739391339. Dada alisema ipo namba itakayoingia, wataipata tu. Kitinda alishika kwamba haipo. Ubishi huo uliwalea. Waligawanya kila walipopata nafasi, na nafasi zikawa chache kadiri walivyokua.

Marehemu alifaulu mtihani wake, na nafasi ya chuo cha ualimu ilikuwepo. Lakini macho ya babu yalishaanza kumsaliti, na yeye mwenyewe alikuwa na vidole vinavyosikia ndani ya kufuli vitu ambavyo sikio halisikii. Mwaka 1970 akavaa aproni ya ngozi. Mwaka 1973 babu alitangaza, mbele ya wateja, kwamba siku moja duka litakuwa la binti yake. Hakumwita Kitinda pembeni kwanza. Hakumwambia neno. Kijana wa miaka kumi na minane aliyasikia hayo akiwa amebeba sinia la chai ya baba yake. Akaliweka chini taratibu, chai haikumwagika. Kesho yake alikuwa mlangoni na begi.

"Kitinda, wacha ujinga," dada yake alimwambia. "Duka ni letu sote."

"Mwambie huyo aliyesema ni lako." Halafu akaangalia juu, kwenye ubao. "Ile ya tisa naondoka nayo. Nikipata inayoingia nitapiga simu."

"Na usipopata?"

"Nitapiga vilevile."

Walikuwa wamepita mia tatu kwenye jedwali siku hiyo, na hakuna iliyoingia. Kitinda akaenda zake. Barua haikuja. Salamu zilitumwa redioni, zikapotea hewani. Kitu pekee alichoondoka nacho kuhusu nyumbani, kwa uhakika, kilikuwa namba ile ya simu, aliyoigawanya kwa kila kitu duniani na asingeweza kuisahau hata kwa dawa. Kuanzia hapo marehemu aliishi na jambo moja: simu ya dukani ibaki pale pale, na namba ile ile. Babu hakuwahi kutamka kosa lake, alikuwa mtu wa zamani, lakini alipokuwa anakata roho mwaka 1983 neno lake la mwisho la akili timamu lilikuwa, "Simu msikate."

Kazi aliifanya kwa miaka arobaini na sita, mpaka mtaa ukamwita Mama Kufuli. Wengi mliopo hapa mmewahi kusimama nje ya mlango wenu wenyewe mkimngoja, na mnajua atakavyokuja: begi dogo, hana haraka, kisha anawauliza mmepoteza ufunguo au mmepotezana na mtu. Alikuwa na ulimi. Mume aliyeleta kufuli ya kabati la mkewe ifunguliwe alirudishwa akamlete mke mwenyewe. Kijana aliyetaka kufuli "isiyofunguka kabisa" aliambiwa, "Mwanangu, kufuli isiyo na ufunguo ni chuma tu. Nunua tofali." Na simu ikiita, hata kama yuko katikati ya kuchonga, mashine inazimwa. Ikiita mara ya pili hakuna aliyepokea, siku hiyo dukani hapakaliki. "Duka la kufuli, sema." Alisema hivyo kwa sauti moja kila mara, na kila mara, baada ya "sema", alingoja kidogo zaidi ya inavyohitajika. Watoto wake walikua wakidhani ndivyo simu inavyopokelewa.

Sasa ndoa, kwa waliovumilia. Mwaka 1977 alikuja fundi wa kuandika mabango, na ngazi yake na makopo ya rangi, akitafuta kazi. Ubao ulikuwa umebaki na 739. Akapanda, akauliza, "Zilizoanguka niandike ngapi?"

"Usiandike kitu. Shuka."

"Dada yangu, nani atapiga simu yenye tarakimu tatu?"

"Wanaoijua wanaijua. Hiyo hapo ni kwa ajili ya kuangalia."

Akiwa juu ya ngazi alielezwa habari yote, kulia na kushoto, na ile kumi na moja. Aliposhuka rangi ilikuwa imekauka kwenye brashi. Kuanzia hapo alipita kila juma kuuliza kama tisa imeanguka. Ilipoanguka, yeye ndiye aliyeiokota, akaipeleka ndani kwa mikono miwili, na bibi aliyekuwa amekaa mlangoni akasema, "Huyu si wa mabango huyu." Walifunga ndoa tarehe 18 Machi 1978. Kwa usalama wa biashara aliruhusiwa kuandika namba nzima chini ya ubao, kwa tarakimu ndogo. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Baba yetu alitangulia mwaka 2011. Mpaka mwisho aliapa kwamba alikuwa anaelewa kila kitu kuhusu namba tasa, na marehemu aliapa kwamba hakuwahi kuelewa hata kidogo.

Mwaka 2004 ofisi ya simu ilituma taarifa kwamba wateja wamezidi, namba zote zinaongezewa tarakimu. Sehemu yetu inapewa tisa, mwishoni.

Marehemu alivua aproni, akavaa viatu vya kutokea, akaenda. Binti yake alimfuata kwa hofu, na bahati nzuri alikuwepo. Kijana wa dirishani alimkaribisha vizuri.

"Mama, shida ni nini hasa?"

"Hiyo tisa."

"Tisa ina nini?"

"Sijui ina nini. Ndiyo shida."

Kijana akamtazama binti, binti akatazama dari. Marehemu akaomba basi tarakimu iwekwe mbele. Kijana akasema mtambo ndio umepangwa hivyo. Marehemu akauliza huo mtambo una mkubwa wake, aitwe. Watu wa foleni wakaanza kucheka. Ndipo akashusha sauti, akasema ana mdogo wake huko nje, ameondoka miaka mingi, anachokijua ni tarakimu nane, akipiga na simu isiite atadhani nyumbani wamekufa. Kijana akaweka kalamu chini. Hakuwa na la kufanya, na alilisema hilo kwa upole: namba ya zamani itatoa tangazo kwa miezi sita, kisha itanyamaza. Akamletea kiti. Marehemu hakukikalia. Tarehe 1 Julai 2004 tisa ikaingia kazini, na siku hiyo, mbele ya wateja, kwa mara ya kwanza, binti yake alimwona akilia. Alilia kwa nguvu, bila kujificha, akiwa ameshika mkono wa simu ambayo haikuwa imeita.

Mkwewe, ambaye ni fundi wa kompyuta, alijaribu kumfariji mwaka 2008. Alimweleza kwamba namba ile inajulikana na wanahesabu: katika namba zote zinazobaki tasa ukizipunguza kutoka kulia, yake ndiyo kubwa kuliko zote. Hakuna ya mbele yake. Marehemu akaweka tupa chini.

"Kwa hiyo ile ya tisa si tasa."

"Si tasa, mama. Ipo namba inayoingia. Nikubonyezee uione? Kabla hujapiga chafya."

"Ukibonyeza, hukanyagi tena hapa."

Mkwe akafunga mashine yake. Na sisi wengine tulionywa vilevile. Ugomvi ulikuwa wa watu wawili, akasema, na mmoja hayupo. Lakini tangu siku hiyo, jamani, alijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na raha ya kushinda haina ladha kama hakuna wa kumcheka.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2016, ugonjwa wa kusahau. Ulianza kwa mambo ya karibuni. Alisahau alichokula, kisha majina ya wajukuu, wadogo kwanza. Kisha mkwe. Kisha akasahau kwamba mumewe amekufa, akawa anamuulizia. Tuliona vinaondoka kimoja kimoja, kuanzia mwisho, na kilichobaki kila mara kilikuwa bado ni yeye, mkali, mcheshi, anayekusahihisha unavyoshika tupa. Tulimweka kwenye kiti karibu na mashine ya kuchongea, kwa sababu mlio wake ulimtuliza. Juu ya mlango ilibaki saba peke yake. Hofu ya binti yake haikuwa kifo. Ilikuwa kwamba simu ingekuja siku moja, na wa kuipokea hatakuwepo tena ndani ya kile kiti.

Tarehe 6 Novemba 2019, alasiri, simu ya dukani iliita. Binti akapokea. "Duka la kufuli, sema." Akangoja kidogo, kama mama yake. Halafu sauti ya mzee. "Mpe simu Dada."

"Dada yupi, baba?"

"Wewe mpe tu. Usipompa sasa hivi nitakata, najijua."

Asubuhi hiyo marehemu alikuwa amemuuliza binti yake, kwa adabu kabisa, "Na wewe ni mtoto wa nani?" Lisemwe tu lilivyo: liliuma, na linauma hata sasa. Binti akavuta waya mpaka kwenye kiti, akaweka simu kwenye sikio la mama yake, naye akasogeza la kwake. Sauti ikasema, polepole, "Kumi na tatu, inaingia?"

Mama akanyooka mgongo.

"Haiingii," akasema. Kisha, bila kungoja, "Umekula?"

Tulichosikia upande wa pili ni mwanamume mzima akilia.

Kitinda alikuja juma lililofuata. Alikuwa fundi bomba, mjane, bila mtoto, anaishi mbali sana. Alieleza kwamba mwaka 1975 aliwahi kupiga, baba yake akapokea, yeye Kitinda akakata. Tangu hapo kila alipotaka kupiga aliogopa sauti ile. Alipoambiwa kwamba babu alizikwa 1983 alikaa chini kwenye kizingiti. Miaka yote hiyo alikuwa akimwogopa mtu aliyekwisha kufa. Na alipojipa moyo hatimaye, namba haikuita. Aliambiwa na mtu kwamba siku hizi zimeongezwa tarakimu, lakini ipi, huyo mtu hakujua. "Ningejaribu sifuri mpaka tisa," alisema. "Lakini nilianza na tisa. Ilikuwa yangu ile." Ikaita mara moja. Tarakimu ambayo mama yetu alikwenda kuipigania isiwekwe ndiyo iliyomfungulia mdogo wake mlango.

Alikuwa ameshaipata namba inayoingia, zamani, peke yake, kwa kalamu, na alikubali kwamba ameshindwa. Alitaka kuitaja siku ileile. Dada yake akamkatalia. "Twende moja moja," akasema. "Soma." Kwa hiyo Kitinda akapanga chumba mtaa wa pili, na kila alasiri alikaa pale karibu na mashine akasoma kwa kichwa, akianza na tatu. Inaingia? Haiingii. Wakifika mbali, kesho yake dada amesahau, wanaanza tena tangu tatu. Hakuchoka hata siku moja. Jina lake Kitinda lilimtoka marehemu akilini mwaka jana, wakati mwingine alimwita "wewe wa jedwali", lakini hakuna siku aliyokosea jibu.

Marehemu alilazwa tarehe 11 Mei 2024 kwa homa ya mapafu. Tarehe 19 Mei, Jumapili, saa nne asubuhi, daktari alituita. Alikuwa hasemi tangu juzi yake. Kitinda akainama, na safari hii hakuanza na tatu. Alimnong'oneza namba moja sikioni, sisi hatukuisikia. Kisha akauliza kwa sauti, "Inaingia?"

Mama alikunja uso, kama anavyokunja akiwa ndani ya kufuli ngumu. Alichukua muda wake. Tulikuwa tumeshakata tamaa.

"Inaingia," akasema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Alifariki kabla ya saa sita mchana. Binti yake alimuuliza Kitinda, pale kwenye korido, kama Mama aligawanya kweli au aliisikia tu kwenye sauti yake. Kitinda alisema, "Sijui. Ila Dada hajawahi kujibu bila kugawanya."

Marehemu ameacha binti mmoja, ambaye ndiye anayewasomea haya, mwana mmoja, mkwe mmoja, aliyetii, wajukuu watano, mdogo wake Kitinda, aliyekaa mbele hapo na kofia mapajani, duka, ambalo mwaka huu limeandikwa majina mawili, na saba moja ya bati juu ya mlango, ambayo haijaanguka. Tunawaomba msimsumbue Kitinda kumuuliza aliitaja namba gani. Mwenye hamu ya kweli achukue karatasi, aandike 739391339, aanze na tatu kama walivyoanza wao. Simu ya dukani hatukati. Mama, lala kwa amani, usiangalie mlango tena. Ikiita, sisi tutapokea.